Nukta ya Sitini na Moja

Ghorofa ya tatu, Semarang. Feni inazunguka bila imani.
Ukutani nimebandika nukta mia mbili na kumi na nne.
Kila nukta ni mtu aliyezaliwa na mama,
ila ukutani hapa mama hana nukta
mpaka apige simu.

Kazi yangu ni mistari.
Nani alimpigia nani baada ya isha,
nani alimdhamini nani kununua pikipiki,
nani alimwoa dada wa nani, na mahari alitoa nani.
Sijawahi kushika bastola. Nilishika rula,
na siku hizi hata rula imestaafu:
kompyuta huchora yenyewe, nami nanywa kahawa
inayoacha tope chini ya kikombe.

Mkuu wangu, Bwana Trenggono, ni mtu wa methali moja:
nyoka hupigwa kichwani.
Akanionyesha kichwa, yule wa kwenye video,
kilemba cheupe, kidole hewani, sauti ya kupasua vioo.
Nikamwambia, Bwana, huyu ana mistari minne.
Jogoo huwika, lakini si yeye anayelichomoza jua.
Mwondoe leo, kesho watapata koo jingine la kuwikia.
Tena hili si joka. Hili ni sweta:
halina kichwa, lina uzi.

Uzi ulikuwa Karsidi.
Nukta ya sitini na moja, mji wa Kudus,
fundi wa cherehani, miaka hamsini na mitatu, kisukari.
Hakwenda kambini. Hakumlia yeyote kiapo.
Lakini kutoka watu wa mlimani hadi watu wa bandarini
hapakuwa na njia isiyokanyaga kizingiti cha duka lake.
Yeye ndiye aliyewatafutia wajane waume,
aliyepeleka mchele kwa wake wa wafungwa,
aliyeficha bahasha chini ya pedali.
Nilimfuta kwenye ramani, kwa kidole tu, kwa majaribio,
na ukuta mzima ukavunjika visiwa tisa.
Nilipiga meza kofi. Nakiri. Nilifurahi
kama mtoto aliyekuta jibu lake ndilo lililo nyuma ya kitabu.

Walimchukua Jumanne, bila kelele, akitia mashine mafuta.
Aliomba airudishe kwanza kwa mwenyewe.

Miezi minne, kimya. Visiwa havikuonana.
Bwana Trenggono akapandishwa cheo, akaiacha methali yake,
akaanza kuitembeza ya sweta.

Mwezi wa tano, kisiwa cha saba,
vijana watatu, mkubwa wao ana ishirini na miwili,
wasio na wa kumuuliza,
wakaingia stendi ya mabasi na begi la mgongoni.

Baadaye, katika maandishi ya mahojiano, ukurasa wa themanini,
nikamkuta Karsidi akisema, wala hakuulizwa:
"Wale wadogo walinijia mara mbili na wazo la stendi.
Mara mbili niliwaambia, nendeni mkaoe kwanza."

Mstari hausemi kilichopita ndani yake.
Niliupima, niliuhesabu,
nilijua ulikoanzia na ulikoishia.
Sikujua kwamba mle ndani
lilipita pia neno hapana.

Sisemi tungemwacha. Bahasha zilikuwa bahasha,
na moja ilinunua mbolea isiyootesha kitu.
Wala sisemi hesabu ilikosea. Hesabu ilikuwa sahihi.
Nasema tu kwamba jana usiku nilibandika nukta mpya:
Bi Sumiyem, muuza tempe, stendi, lango la pili,
ambaye hakumpigia mtu simu.
Nikavuta mstari kutoka kwake, kwa mkono, kwa rula,
nikaupitisha kisiwa cha saba, duka la fundi, kizingiti,
mpaka ukafika pembeni kabisa mwa ukuta
nikachora hapo nukta nyingine, ndogo.

Asubuhi mfagiaji aliinua kikombe changu, akafuta tope,
akaniuliza huyo wa pembeni ni nani,
mbona hana namba.